Ubishoo wa kushusha gari, tairi ndiyo inalipa!

Leo sina stori ya mapenzi, nina stori ya tairi. Usigeuze ukurasa! Mnaoshusha magari mko wengi, na mnaopewa lifti kwenye hayo magari ndiyo mko wengi zaidi.

Mwenzenu ba'mdogo alinikabidhi Toyota IST yake nitafutie riziki, kila Jumapili nimpelekee hesabu. Tairi nne mpya alinunua mwenyewe. Sasa washkaji wa kijiweni wakaanza maneno: "Oya, hilo gari mbona limevaa viatu vya mchuchumio?" Roho ikaniuma. Nikamfuata fundi mmoja wa uchochoroni, akachomoa springi, akazikata kwa grenda, mzunguko mmoja na kitu. Jioni gari limechuchumaa kama chui. Nilipopita kijiweni watu walisimama!

Kuna mshkaji mmoja tu aliniuliza, "Umefanya alaimenti?" Nikamjibu nimefanya balansi, yatosha. Kumbe hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Balansi ni kusawazisha uzito wa tairi na rimu ili usukani usitetemeke. Alaimenti ni kuangalia tairi zimesimamaje na zinatazama wapi. Mimi nilikuwa naachia usukani gari linanyooka kama treni kwenye reli, haliendi kushoto wala kulia. Nikajua alaimenti ni maneno ya watu wa gereji wanaotafuta hela ya kula.

Miezi mitatu baadaye, Jumamosi, nampeleka mama kwenye sendofu Kibaha. Tulipofika Kibamba, pssss! Pancha ya mbele kulia. Msumari. Nikamwita mzee mmoja wa kuziba pancha pale pembeni, akafungua tairi. Kwa nje kashata zote zipo, utadhani imetoka dukani jana. Mzee akaigeuza upande wa ndani.

Jamani! Upara mtupu, na waya zimeanza kuchungulia. Akainama kwenye ya kushoto, nayo vilevile. Akaniambia, "Dogo, huu msumari ushukuru. Ungekwenda mbele na mwendo huo, ingepasuka na mama yako ndani." Mama hakusema kitu. Aligusa ile waya kwa kidole, akaenda kukaa kwenye benchi.

Mzee akanipa somo bila ada. Alisimama mbele yangu na kandambili zake, akapanua vidole kwa nje kama bata. "Tembea hivi mpaka Kibaha, uone kandambili itabaki nini."

Ndiyo hivyo msomaji wangu. Ukishusha gari yanatokea mambo mawili. Kwanza, tairi kwa juu zinaegemea ndani, mafundi wanaita kemba. Pili, tairodi zinazosukuma tairi ukikata kona zinabadilika mkao, hivyo tairi zinapinda kutazama nje au ndani. Hiyo wanaita too. Zangu zilitazama nje. Mabishoo wengi wanalaumu kemba kwa sababu inaonekana kwa macho, lakini mlaji mkubwa ni too. Na kama zote mbili zimepinda sawasawa, kila moja inavutia kwake, gari linanyooka tu. Ndiyo maana sikustuka.

Usiku nilichukua kitabu changu cha foo figa, maana hesabu za fomu foo hazijapotea zote. Tairi ikipinda nusu digrii tu, sini yake ni 0.0087. Yaani kila kilomita 1 inaburuzwa kiupandeupande karibu mita 9! Ukienda kilomita 20, hapo ni mita zaidi ya 170 za kusugua lami kama sabuni ya kipande. Na mimi siku nzima niko barabarani nasaka abiria.

Kwa hiyo kama lazima ushushe, sikiliza. Usikate springi. Iliyokatwa inaweza kuhama kwenye kikalio chake tairi ikining'inia shimoni. Tafuta springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako. Endesha siku chache zikae, kagua bushi, tairodi na bolijointi, jaza upepo sawasawa, halafu ndiyo uende alaimenti. Kama bushi zimekufa, alaimenti haidumu. Dai wakuonyeshe vipimo vya kabla na baada. Kwenye gari kama IST, mbele wanarekebisha too kwa tairodi. Kemba kwa kawaida haina pa kuchezea mpaka uweke bolti maalumu.

Halafu kila wiki kata usukani mpaka mwisho, inama na tochi ya simu, angalia upande wa ndani. Pitisha kiganja juu ya kashata kwenda na kurudi. Ukisikia laini ukienda na makali ukirudi kama meno ya msumeno, too hiyo. Zikilika pembe zote mbili, upepo mdogo. Ikilika katikati, umejaza kupita kiasi.

Mimi springi ikishakatwa haioti tena, nikaenda Gerezani kutafuta za mtumba, na tairi mbili mpya juu yake. Alaimenti niliyoikwepa haikufika hata nusu ya bei ya tairi moja. Jumapili nikamweleza ba'mdogo yote. Alizunguka gari, akainama, akapapasa tairi kwa ndani, akanyanyuka akifuta mikono. "Hesabu ya wiki hii utaleta kama kawaida," akasema, akaingia ndani.

Na mama? Siku ile alimalizia safari kwa daladala. Mpaka leo akiniona nimeshika funguo haniulizi naenda wapi. Ananiuliza, "Umeinama ukaangalia?"

Nawe nakuuliza hivyohivyo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.