Mapenzi ya Mwandishi na Haya ya Mhakiki

Wako wahakiki wasemao kwamba mapenzi ya mtunzi ni siri ya nyumba yake, wala hayampasi msomaji. Kauli hiyo ingalistahili heshima kama wenyewe wangaliifuata. Lakini hawaifuati. Wanatueleza kwamba Shaaban Robert alitunga shairi la "Amina" kumlilia mkewe, na hapana aonaye kuwa kumtaja Amina ni kuchungulia chumbani. Haya huwashika pale tu mpendwa wa mwandishi anapokuwa mwanamume mwenziwe.

Hispania waliyaona hayo. Federico García Lorca aliuawa Agosti 1936. Soneti zake za mapenzi kwa mwanamume zilikaa gizani karibu miaka 50, hata 1983 zikatolewa kwa siri, bila jina la mchapishaji.

Na sisi tunaye wetu. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, mshindi wa Tuzo ya Caine ya 2002 na mwanzilishi wa jarida la Kwani?, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2011. Januari 2014 akatoa sura aliyosema ilipotea humo. Ndani yake anajiwazia kando ya kitanda cha mama yake, aliyefariki 2000, akimwambia alilokuwa hakumwambia kamwe: kwamba yeye ni mwanamume apendaye wanaume. Mwenyewe alifariki 21 Mei 2019. Sura hiyo si uvumi wa barazani. Aliiandika yeye, akatia jina lake. Basi akisifuye kitabu na kuificha sura anamkata marehemu ulimi.

Niandikapo hapa Kibakwe, najua nitaulizwa: je, kulisema jambo hili si kulisifu? La, hasha. Kueleza si kusifu wala kulaumu. Msomaji ana hiari ya kuyachukia mapenzi hayo. Hana hiari ya kuyafuta katika maandishi ya mtu.

Wala tusisingizie lugha. Kiswahili hakitulazimishi kusema uongo: "yeye" si mume wala mke, na "mpenzi" ni wa wote. Mfasiri atiaye "binti" mahali mtunzi alipoweka mpenzi tu, hakufasiri, ametunga lake.

Ama tufunge milango yote, na Amina naye tumwache apumzike. Ama tuifungue yote sawasawa. Kufunga mmoja na kuuita ufungaji huo adabu, hiyo si elimu.