Muungurumo Kwenye Spika za Send-off Mlowo: DJ Anaonewa, Mchawi Ni Chaja

Haya wadau, hili la leo linawahusu maDJ, maMC, maprodyuza wa kitaa na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi.

Kuna DJ mmoja hapo Mlowo, jina kapuni, ambaye mjini kila mtu anamjua. Kapiga send-off, kapiga kipaimara, kapiga harusi za watu wazito wa kahawa. Sasa hivi kamati zinamkwepa kama deni. Sababu? Eti mziki wake unaunguruma. Mchungaji anashika maiki aombee maharusi, ukumbi mzima unanyamaza, halafu spika zinabaki zinasema mmmmmmm, utadhani lori la kwenda Tunduma limepaki mlangoni na injini inawaka.

Kamati ikamkata hela. Jamaa akaenda kukopa, akanunua laptopu nyingine. Sherehe iliyofuata, muungurumo ule ule. Akaona isiwe tabu, akaongeza sabufa mbili. Muungurumo ukazidi, maana sasa umepata sabufa mbili za kuutangaza. Hapo ndipo maneno yakaanza: kuna DJ mwenzake kamchezea.

Ukweli usemwe. Huyu kijana hajalogwa, na laptopu yake ya kwanza pengine haikuwa na shida yoyote. Shida yake ni waya na umeme, na tiba yake ni rahisi kuliko hata sabufa moja. Kinachouma ni kwamba kijana anabeba deni la laptopu na jina baya kwa kosa ambalo nusu yake ni la ukumbi na kamati.

Mmmmm inatoka wapi?

Tundu la hedifoni kwenye laptopu limetengenezwa kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja. Waya wake una njia tatu tu: kushoto, kulia, na njia moja ya kurudia ambayo pande zote mbili zinachangia. Ukivaa hedifoni zako, mambo safi, kwa sababu hedifoni hazijachomekwa sehemu nyingine yoyote.

Sasa chukua tundu hilo hilo, peleka waya kwenye mikisa. Tayari umeunganisha mashine mbili ambazo kila moja inakula umeme kivyake. Ile njia ya kurudia, badala ya kubeba mziki peke yake, inaanza kupitisha na uchafu wa umeme. Mikisa haijui kipi ni mziki na kipi ni uchafu. Inapokea vyote, amplifaya inakuza vyote, ukumbi unasikia vyote.

Uchafu wenyewe unaingia kwa milango miwili mikubwa.

Wa kwanza ni chaja isiyo na ethi. Chaja ya laptopu inachukua umeme wa volti 230 wa ukutani na kuushusha mpaka volti 19 au karibu na hapo, na katika kazi hiyo kuna umeme kidogo sana unaovuja. Kwenye chaja ya pini tatu, uvujaji huo kwa kawaida unaenda kwenye waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaishia ardhini. Kwenye chaja ya pini mbili haina njia hiyo. Na si unajua zile soketi za tundu tatu, pini mbili haziingii mpaka uchomeke mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu? Mtaani kila mtu anafanya hivyo. Basi umeme ule unaovuja unatafuta njia nyingine, na njia iliyopo ni waya wa mziki. Umewahi kugusa laptopu ya bodi ya chuma ikiwa kwenye chaji ukahisi vidole vinatekenywa? Ndio huo huo.

Wa pili ni kuwa na ethi mbili. Mikisa imechomekwa soketi ya jukwaani, laptopu ya DJ soketi ya kule pembeni, zote zina ethi. Kati ya ethi moja na nyingine huwa kuna tofauti ndogo ya umeme, na tofauti hiyo inazunguka kupitia waya wa mziki. Umeme wa Tanzania unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, ndiyo maana sauti inayotoka ni ile nzito isiyobadilika, hata DJ aweke singeli au gospo.

Kipimo chake ni cha dakika moja. Mziki ukiwa umesimama na spika zinaunguruma, chomoa chaja kwenye laptopu. Muungurumo ukikata hapo hapo, mchawi umemshika mkono.

Najulikana pia ubishi wa hapa: "Laptopu yangu ya mtumba, betri imekufa, nikichomoa chaja inazima." Sawa. Chukua simu, isiwe kwenye chaji, chomeka waya ule ule wa mikisa. Simu ikitoa mziki msafi, basi waya, mikisa na spika ni vizima. Shida iko upande wa laptopu na umeme wake.

Sio kila kelele ni ile ile

Kosa kubwa la mafundi wa kujifunzia mtaani ni kutibu kelele zote kwa dawa moja. Sikiliza kwanza, kila moja ina sauti yake.

1. Mmmmm nzito isiyobadilika. Hiyo ni ethi na chaja. Chomeka laptopu na mikisa kwenye ekstensheni moja, kutoka soketi moja. Isipoisha, weka kile kiboksi kidogo chenye transfoma ndani ambacho mafundi wa redio za magari wanakijua, kinakaa katikati ya waya wa mziki. Transfoma inapitisha mziki bila waya za pande mbili kugusana, kwa hiyo uchafu wa ethi unakosa daraja. Vya bei chee kabisa vinaweza kula besi kidogo, kwa hiyo kijaribu kabla ya kulipa. Mwenye uwezo anunue kiboksi cha DI, kinachotoa sauti kwa waya mnene wa maiki. Waya huo unastahimili umbali mrefu bila kuokota kelele.

2. Ziiii au krrr inayobadilika ukisogeza mausi au ukifungua faili. Hiyo inatoka ndani ya laptopu yenyewe. Hapo saundi kadi ya nje, ya USB, inasaidia, kwa sababu mziki unageuzwa kuwa sauti nje ya ile bodi iliyojaa mambo mengi. Ila usinunue saundi kadi ukategemea itatibu namba moja. USB nayo ina waya wa ethi, muungurumo unaweza kupita huko huko.

3. Tsssss kama mvua ya mbali. Hapa DJ kaweka sauti ya laptopu chini, halafu kwenye mikisa kakaza geni mpaka mwisho. Fanya kinyume chake: pandisha laptopu mpaka karibu na juu, mziki usikwaruze, halafu shusha geni. Tiba hii haina hata mia.

4. Di-di-dit, di-di-dit. Hii kila mtu anaijua. Ni simu iliyowekwa juu ya mikisa au karibu na waya, inawasiliana na mnara. Iondoe.

5. Ting! Huu sio ugonjwa wa umeme, ni aibu tupu. Kuna MC mmoja mkubwa tu alikuwa katikati ya kumtambulisha baba mzazi wa bibi harusi, laptopu ikapokea ujumbe, sabufa nne zikalia ting, na jina la mtuma ujumbe likaonekana kwenye skrini kubwa. Yaliyofuata nyumbani kwake hayahusu makala hii. Zima sauti za taarifa, zima intaneti, ndipo upande jukwaani.

Maprodyuza, nanyi mpo

Hapa ndipo palipo na hasara inayoumiza zaidi, na haisemwi.

Kuna prodyuza mmoja chipukizi, studio yake ni chumba cha kupanga, godoro ukutani la kuzuia mwangwi. Ana sikio zuri na watoto wa Mlowo na Vwawa wanamfuata kwa wingi. Anasikiliza kazi zake kupitia tundu la hedifoni la laptopu, waya unaenda kwenye spika zinazokula umeme wake. Anasikia muungurumo na kadiri kazi inavyoendelea anazidi kuusikia. Anaamini umeingia kwenye sauti ya msanii. Anaweka programu ya kusafisha kelele, anakaza, anakaza tena. Muungurumo hautoki, lakini sauti ya msanii inakuwa kama mtu anaimba ndani ya ndoo.

Kumbe kelele haikuwepo kwenye wimbo. Ilikuwa kwenye tundu la kutolea sauti tu. Kinachoingia kwenye faili na kinachotoka kwenye tundu la hedifoni ni vitu viwili tofauti. Uchafu wa chaja unaongezeka mwishoni kabisa, wakati wa kusikiliza, na hauandikwi kwenye faili.

Yaani msanii kajinyima, kalipa studio, kaimba vizuri, halafu sauti yake imechujwa kumfukuza mchawi ambaye hakuwa ndani ya nyumba. Anapeleka wimbo redioni, mtangazaji anasikiliza sekunde kumi, anaweka pembeni. Kijana anaamini hana kipaji.

Ushauri ni mmoja: kabla ya kugusa kitufe cha kusafisha kelele, toa faili, lihamishie kwenye simu, sikiliza kwa hedifoni simu ikiwa haipo kwenye chaji. Muungurumo usiposikika, usiguse sauti ya mtu. Tengeneza waya zako. Ukisikika na kwenye simu, hapo ndipo urudi kuangalia maiki na namna ulivyorekodi.

Lawama zigawanywe sawa

Wenye kumbi waanze. Ukumbi una kapeti jekundu, mapambo ya dari na viti vya kufunikwa vitambaa, lakini nyuma ya soketi hakuna waya wa ethi, au ulikatika na hakuna aliyejali. Ethi haikuwekwa kwa ajili ya mziki, iliwekwa kwa ajili ya uhai. MC anashika maiki ya chuma, mkono mwingine anaegemea kwenye spika. Siku umeme ukivuja kweli, kinachomwokoa ni waya ule. Kabla ya kununua mapambo mapya, mwite fundi umeme anayejulikana apime ethi.

Na hapa onyo kwa maDJ: wapo wanaopeana mbinu ya kukata pini ya ethi kwenye plagi ya mikisa au amplifaya ili muungurumo ukate. Ni kweli unaweza kukata. Ila umeondoa breki ili gari lisipige kelele. Usifanye.

Kamati nao wasikwepe. Ukumbi unafunguliwa saa tisa, wapambaji wanamiliki jukwaa mpaka saa kumi na mbili, DJ anaambiwa achomeke haraka wageni wameshafika. Mtu hajapewa hata nusu saa ya kujaribu mitambo, halafu usiku anakatwa hela. Aliyepika ubwabwa alipewa siku nzima, wa mziki kapewa dakika kumi.

MaDJ wenyewe pia. Sabufa zinaonekana, watu wanazipiga picha, wanaposti. Kiboksi cha transfoma hakuna anayekiposti. Ndiyo maana pesa yote inaenda kwenye ukubwa, wakati spika kubwa inafanya kosa dogo lisikike mpaka barabarani.

"Si ndiyo ladha ya kitaa?"

Wapo watakaosema kelele ni sehemu ya mziki wa mtaani, na watataja singeli. Hoja nzuri, ijibiwe. Singeli imetengenezwa kwa laptopu za kawaida kabisa kwenye vyumba vidogo vya Dar es Salaam, na imefika mbali: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa Sisso Studios, na dunia ikageuka kusikiliza. Mziki ule ni mkali, una kasi na umejaa makelele.

Lakini makelele yale yaliwekwa na mtu aliyeyataka. Anajua yanaingia wapi na yanakata wapi. Muungurumo wa chaja hakuna aliyeuchagua, na haukati hata wakati wa sala.

Wengine watasema maDJ wa miji mikubwa wana laptopu hizo hizo na hawaungurumi. Kweli, ila wengi wao hawatumii tundu la hedifoni. Laptopu inaingia kwenye kontrola yenye saundi kadi yake ndani, na kutoka hapo mziki unaenda kwenye mikisa kwa waya za kazi. Siri ni tundu wanalotumia, wala sio mji wanaotoka.

Mlowo ipo barabara kuu, katikati ya Mbeya na Tunduma. Kamati isiporidhika na DJ wa hapa, kumleta wa Mbeya au Tunduma ni simu moja tu, na hela ya msimu wa harusi inapanda gari na kuondoka. Kuibakisha hapa hakuhitaji laptopu mpya wala mganga. Kunahitaji ekstensheni moja, kiboksi kimoja, ukumbi wenye ethi nzima, na kamati inayompa DJ nusu saa ya kujaribu kabla mgeni wa kwanza hajakaa.

Haya, uwanja ni wenu. Kamati ikimkata DJ hela kwa muungurumo wa umeme wa ukumbi, ni haki au uonevu? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi hapana.