BURE SI HURU: TUANDIKE LISANSI ZA PROGRAMU ZETU

Wenzangu wanafunzi, na ninyi waalimu wetu,

Mnakumbuka kile kintu kilitupata katika chumba cha ordinatere. Mmoja wetu alileta programu ya hesabu ndani ya kle, imeandikwa "bure". Tukafurahi, tukaitia katika masini 11. Kiisha siku 30 ikaanza kutuomba makuta, na mazoezi ya wale wanaojitayarisha kwa Exetat yakabaki yamefungwa ndani. Hakuna mtu aliyekuwa amesoma lisansi yake. Hata mimi sikusoma.

Lisansi ni karatasi ya ruhusa yenye kufuatana na programu. Sisi watu wa Kolwezi hatuna haja ya kufundishwa sana jambo hilo. Kule Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti ndani ya malupango yao wenyewe. Nyumba ilikuwa yao, lakini sheria inasema kile kilicho chini ya udongo ni cha Serikali, na mchimbaji wa mkono anatakiwa awe na karti ya mwaka mmoja, tena achimbe tu pale palipowekwa kwa kazi hiyo. Kushika kintu mkononi na kuwa na ruhusa yake ni mambo mawili. Programu nayo ni vile vile: kama haina lisansi, haki zote zinabaki kwa yule aliyeiandika, hata kama ameiacha mahali ambapo kila mtu anaweza kuichukua.

Sasa, ipi inahesabiwa kuwa huru? Wenye kazi hii walishaweka kipimo. Richard Stallman alianza mradi wa GNU mwaka 1983, na kipimo chake ni ruhusa 4: kutumia programu kwa kazi yoyote, kuchungua namna inavyotenda na kuigeuza, kugawa kopi zake, na kugawa ile uliyoigeuza. Watu wa Debian waliandika kanuni zao mwaka 1997. Fedora nao wanashika orodha ya lisansi wanazozikubali na wanazozikataa. Bei haimo. Unaweza kuuza programu huru pale sokoni usiwe na kosa. Unaweza kupewa nyingine bure na ukafungwa mikono.

Kuna mfano mmoja ulionishangaza mimi, mtoto wa shule ya Misioni. Lisansi ya JSON inaruhusu karibu kila kintu, ila imeongeza neno kwamba programu itumike kwa mema, si kwa mabaya. Neno zuri, sivyo? Lakini Debian na Fedora wanaikataa! Kwanza nilikasirika. Halafu nikajiuliza: nani atahukumu? Kobalti ya hapa inaingia katika betri za telefoni na za motokari, na kuanzia yule wa shimoni mpaka yule wa ofisi, kila mtu atasema kazi yake ni njema. Ruhusa yenye sharti ambalo hakuna anayeweza kulipima si ruhusa. Ningali naona uchungu kidogo, lakini nakubali.

Rafiki yangu mmoja ananiambia: "Weye, nani atatoka Ulaya kuja kutufuata hapa? Programu inatembea, basi." Pengine hakuna atakayekuja. Lakini hata siku ile hakuna aliyekuja. Programu ilijifunga yenyewe.

Kwa hiyo naomba tuwe na kaye moja: jina la programu, lisansi yake, nani aliisoma, na tarehe. Tarehe msiiache, juu orodha hizi zinageuka. Mwaka 2022 Fedora waliacha kukubali CC0 kwa programu mpya, juu lisansi hiyo inasema wazi kwamba haitoi haki za uvumbuzi. Mtu aliyenakili orodha ya zamani bila tarehe hatajua.

Kaye nimeshainunua. Iko katika kabati la chumba cha ordinatere, na ufunguo uko kwa mwalimu wetu wa hesabu. Nimeandika programu 23. Kati ya hizo, 9 sijaona lisansi yake. Anayejua kusoma Kifaransa cha sheria kuliko mimi, aje siku ya tatu kiisha masomo.