Namba ya Kifaa Haitoshi

Bonyeza *#06# kwenye simu yako, uwe hapa Magomeni, Kilosa, au kule Mikumi, na namba ya tarakimu 15 itatokea. Ndiyo IMEI. Tangu TCRA ilipozima simu bandia Juni 16, 2016, namba hiyo imepewa heshima kuliko uwezo wake. Wakati ule watu waliituma kwenda 15090 kuuliza kama simu ni halisi, na jibu likija zuri roho ikatulia. Kuanzia hapo wengi wetu, wataalamu wa kompyuta wakiwamo, tumeshika imani kwamba kifaa ambacho namba yake iko kwenye orodha ni kifaa kinachojulikana. Si kweli. Na imani hiyo imeingia hadi kwenye vyumba vinavyotunza kumbukumbu zetu, ambako madhara yake ni makubwa kuliko ya simu feki.

IMEI inatajwa na simu yenyewe. Mtandao unauliza, simu inajibu, basi. Fundi mwenye waya na programu anaweza kuandika namba nyingine, hata ya simu halali ya mtu asiyemjua. Sheria inakataza, lakini mashine haisomi sheria. Kinachokuwezesha kupiga simu au kutoa hela kwa wakala ni laini. Ndani ya laini kuna siri ya biti 128, na kampuni ya simu inayo nakala yake. Ukiwasha simu, mtandao unatuma namba ya kubahatisha. Laini inaikokotoa pamoja na ile siri, inarudisha jibu, na siri yenyewe haitoki nje hata mara moja. Utaratibu huu haukuja bure. Marekani katika miaka ya 1990, simu za analojia zilijitambulisha hewani kwa namba tupu. Wezi walizinasa kwa vifaa vya redio, wakazinakili kwenye simu zao, na bili zikawaangukia wenye namba.

Sasa ingia kwenye chumba cha seva. Taasisi kubwa huweka data kwenye makabati ya diski, na seva huzifikia diski hizo kupitia swichi maalumu za faiba, mtandao ambao mafundi wanauita SAN. Kila kifaa humo kina namba yake, WWN, yenye tarakimu 16 zinazochanganya namba na herufi a hadi f. Msimamizi anapanga kanda: WWN hii ione diski hizi, ile ione zile. Akimaliza anatangaza kwamba mfumo umefungwa. Haujafungwa. WWN nayo ni ya kutajwa tu, na kwenye seva pepe msimamizi huichapa kwa kibodi. Seva ya mishahara ikiwa imezimwa kwa matengenezo, kifaa kingine kikijitaja kwa namba yake, swichi itakipa diski za mishahara. Ni sawa na mlinzi wa geti anayemfungulia kila anayetaja jina la bosi.

Dawa ipo, na si ngeni. Inaitwa DH-CHAP. Imejengwa juu ya CHAP, iliyochapishwa kama kanuni ya intaneti mwaka 1996, ikichanganywa na hesabu ambazo Diffie na Hellman walizitoa mwaka 1976. Kazi yake ni ileile ya laini: swichi inauliza, seva inajibu kwa kutumia siri, na seva nayo inaweza kuihoji swichi. Kwenye swichi za Brocade unaingiza siri mbili kwa kila jozi ya vifaa, moja ya kila upande, zenye herufi 8 hadi 40, na haziruhusiwi kufanana. Kisha unachagua sera, na hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika. Sera ya vifaa huanza ikiwa OFF. Mwenye haraka anaiacha hivyo. Mwoga anaweka PASSIVE, anaandika kwenye ripoti kwamba uthibitishaji umewashwa, anaondoka. Lakini PASSIVE inaufanya uthibitishaji kuwa hiari: kifaa kisichojua kuhojiwa kinapita bila swali. Anayekuja kwa ubaya atajifanya hajui. ON ndiyo inayozuia.

Nimesikia utetezi mara nyingi: mtandao wa hifadhi haugusi intaneti, na chumba kina kufuli. Kufuli lina funguo, na funguo zina watu. Humo huingia fundi wa kiyoyozi, mkandarasi, kijana wa mafunzo kwa vitendo. Wengine wanalalamikia usumbufu, na hapo wana haki kidogo, maana siri ikikosewa herufi moja seva inakosa diski zake. Basi kazi ifanywe saa za matengenezo, njia moja ya seva kwenda kwenye diski kwanza, ya pili ikibaki hai. Tusidanganyane pia: DH-CHAP haifichi data inayopita, wala haimzuii mtu aliyekwisha kuiteka seva halali. Inamzuia asiyehusika kuvaa namba ya anayehusika, na hilo orodha ya WWN peke yake haiwezi.

Mkazi wa Magomeni hataiona swichi hiyo maishani. Lakini salio lake, alama za vidole alizotoa NIDA, majibu ya vipimo vyake, vyote vinaishi kwenye mashine ambazo yeye hana namna ya kuzikagua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamdai anayezitunza azilinde.

Nyinyi mnaosaini mikataba ya vyumba hivyo, msipokee kazi kwa kuonyeshwa orodha ya namba. Mwambieni mkandarasi achomeke mbele yenu kifaa kisicho na siri, akipe WWN ya seva halali iliyozimwa, halafu mtazame swichi inafanya nini. Ikikifungulia, msimlipe.