GARI KUUKUU SI CHUMA CHAKAVU

Mwezi Oktoba mwaka 2024 mji wa Arusha ulikuwa mwenyeji wa tamasha la aina ya pekee. Mamia ya magari ya Land Rover, mengi yakiwa makuukuu, yalikusanyika huko na kuandamana barabarani, na wananchi wakajipanga kuyatazama kama watazamavyo gwaride. Wapo waliocheka, na wapo waliostaajabu. Sisi tuliona katika tukio lile swali la uchumi ambalo wakazi wa Mafia na viongozi wao yawapasa walitafakari. Imekuwaje gari lililoitwa mkweche jana likawa mali leo? Na ikiwa kweli ni mali, nani anafaidika nayo?

Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kuanzia mbali kidogo, huko Marekani, ambako biashara ya magari ya kale ina historia ndefu na hesabu zake ziko wazi. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua gari la umbo la kati na kulitia injini kubwa. Gari hilo, GTO, liliuzwa kwa dola 3,000 hivi, kiasi ambacho kijana mwenye ajira aliweza kukimudu. Kampuni nyingine zikafuata, na magari ya namna hiyo yakaitwa magari ya misuli kwa ajili ya nguvu zake. Lakini enzi yake haikudumu. Makampuni ya bima yalipandisha malipo, sheria za kuzuia moshi mchafu zikakazwa, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikaruka duniani kote. Magari yale yanywayo mafuta kama ng'ombe yakaanguka thamani, yakauzwa kwa bei ya kutupa.

Baadaye mambo yakageuka. Vijana wa 1964 walipokuwa watu wazima wenye fedha, walianza kuyatafuta magari ya ujana wao. Bei zikapanda mwishoni mwa miaka ya 1980, zikalegea mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikaruka tena katika miaka ya 2000, zikashuka kwa msukosuko wa fedha wa 2008, kisha zikainuka. Mwezi Juni 2014 gari moja la Plymouth la mwaka 1971, la aina ambayo haikutengenezwa hata magari ishirini, liliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Mwezi Januari 2020 Ford Mustang ya mwaka 1968 iliyotumika katika filamu ya Bullitt iliuzwa kwa dola milioni 3.74, pamoja na ada za mnada. Familia iliyoiuza ilikuwa imeinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni matokeo tu ya fedha kupungua nguvu. La hasha. Dola 6,000 za mwaka 1974 zilikuwa sawa na dola 31,500 hivi za mwaka 2020. Gari hilo basi liliuzwa kwa zaidi ya mara mia ya thamani hiyo. Wala uzee peke yake hauelezi jambo hili, kwani Mustang za mwaka ule zilitengenezwa kwa maelfu, na nyingi ziliishia jalalani. Iliyouzwa kwa mamilioni ilikuwa na mambo mawili ambayo nyingine hazikuwa nayo. Kwanza, haikuchezewa wala kupakwa rangi upya. Pili, ilikuwa na hati zake, ikiwamo barua ambayo mchezaji wa filamu ile, Steve McQueen, aliiandika mwaka 1977 akiomba kuinunua. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hili kabla ya minada hiyo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Habari hizi si za ng'ambo tu. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, wakati ambapo mashindano hayo yalipita pia katika ardhi ya Tanzania. Gari la aina hiyo liliuzwa Marekani mwaka 1970 kwa dola 3,526. Mwezi Januari 2020 moja la mwaka 1971, lililotunzwa vema na kuendeshwa kidogo, liliuzwa kwa dola 310,000. Barabara zetu za vumbi na matope zilichangia sifa ya gari hilo, lakini fedha zimekwenda kwa waliotunza.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni Land Rover yenyewe. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, bei yake ikiwa pauni 450. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Gari hilo likawa chombo cha mabwana shamba, waganga, askari na wamisionari katika Afrika Mashariki nzima. Mwezi Desemba 2015 Defender iliyohesabiwa kuwa ya milioni mbili iliuzwa kwa hisani, pauni 400,000, na tarehe 29 Januari 2016 Defender ya mwisho ya mtindo ule wa zamani ikatoka kiwandani Solihull. Tangu hapo wanunuzi wanajua kwamba hazitaongezeka tena. Isitoshe, sheria ya Marekani huliruhusu gari la nje lililotimiza miaka 25 kuingia nchini humo bila ya kulazimishwa kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya. Kila mwaka, basi, magari mengine huvuka mpaka huo wa umri na kupata wanunuzi ambao jana hawakuwapo.

Hapa kwetu bei ya gari imefuata njia yake. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 gari lilikuwa na thamani kwa kuwa jipya halikupatikana, na spea zilitafutwa kwa tochi. Tangu mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wananchi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, milango ilianza kufunguka, na baadaye magari yaliyotumika kutoka Japani yakafurika. Peugeot na Land Rover za zamani zikawekwa juu ya mawe, nyingine zikakatwa vipande. Leo wachache waliozihifadhi wanatafutwa na madalali.

Hata hivyo, tunawatahadharisha wananchi wasidanganywe na wingi wa sifuri. Mwaka 1970 dola moja ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti 14. Mwaka 2020 ilikuwa sawa na shilingi 2,300 hivi. Tuchukue mfano wa mtu aliyenunua gari kwa shilingi 20,000 mwaka 1970, kisha mwanawe akaliuza kwa shilingi milioni 6 mwaka 2020. Masikioni huo ni utajiri. Kwa hesabu, gari lilinunuliwa kwa dola 2,800 na kuuzwa kwa dola 2,600. Familia hiyo imepata hasara, tena bila ya kuhesabu matairi, mafuta na fundi.

Sasa tuitazame Mafia. Kisiwa chetu kina barabara ya lami kutoka Kilindoni hadi Utende, lakini sehemu kubwa ya njia zetu ni mchanga na udongo, na gari imara bado ni msaada mkubwa kwa mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara. Kila gari tunaloliona hapa limevushwa maji, na kulirudisha bara ni gharama nyingine. Zaidi ya hayo, tunaishi ndani ya upepo wa chumvi. Alumini ya bodi ya Land Rover hustahimili, lakini chasisi yake ni ya chuma, na pale madini haya mawili yanapogusana penye unyevu wa chumvi, uharibifu huenda kasi zaidi. Ndiyo sababu gari laweza kung'aa juu huku chini limeoza. Kule nyanda za juu zenye ukavu, gari lililoegeshwa miaka kumi laweza kufufuliwa. Hapa Mafia miaka hiyo kumi ni hukumu.

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo tungependa lirekebishwe. Ni jambo la kawaida katika sehemu nyingi za nchi yetu kuona gari la umma limeegeshwa chini ya mwembe nyuma ya ofisi, likingoja kibali, likingoja tathmini, likingoja mnada. Mwaka wa kwanza limekosa betri tu. Mwaka wa tatu limekosa gia boksi, ambayo hakuna ajuaye ilikokwenda. Mwaka wa saba linauzwa kwa uzito wa chuma. Kutu haisomi mafaili. Hasara hiyo haiandikwi kama wizi, lakini mwananchi aliyekosa dawa au mashine ya boti ya wagonjwa haoni tofauti.

Watakuwapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: mvuvi wa Jibondo ana shughuli gani na bei za minada ya Marekani? Tunakubali kwamba hakuna anayetarajia kupata dola milioni chini ya minazi ya Mafia. Magari ya mamilioni ni machache duniani kote, na kwa sehemu kubwa gari kuukuu ni gari kuukuu tu. Asiyekuwa na akiba asiitie fedha yake huko kwa tamaa. Lakini kati ya dola milioni na bei ya chuma chakavu upo uwanja mpana, na katika uwanja huo ndimo mali yetu inamopotea kwa kutojua.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ofisi za umma kisiwani ziandike orodha ya magari yote yasiyotembea, pamoja na aina, mwaka, namba ya chasisi na kadi ya kila gari, na uamuzi wa kutengeneza au kuuza utolewe mapema kabla chumvi haijaamua. Tathmini ifanywe na mtu ajuaye soko la leo, na mnada utangazwe wazi hata bara. Pili, Wizara ya Fedha iangalie upya nafasi ya magari ya kumbukumbu. Ni haki kumtoza ushuru wa ziada anayeingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10, kama sheria yetu inavyofanya, na jirani zetu Kenya hawaruhusu kabisa magari yaliyotumika yaliyozidi miaka 8. Nia ni kuzuia nchi isigeuzwe jalala. Lakini gari la kale ambalo limo nchini tayari na kutunzwa lastahili kutazamwa kwa jicho jingine. Uingereza, kwa mfano, hulisamehe kodi ya barabara gari lililozidi miaka 40. Tatu, mwananchi mwenye gari la zamani ahifadhi kadi yake na stakabadhi za matengenezo, aoshe chasisi kwa maji baridi na kuipaka mafuta, na asikubali bei ya dalali wa kwanza.

Wakazi wa Mafia hawahitaji kufundishwa kwamba kitu cha kale chaweza kuwa mali. Magofu ya Kua kisiwani Juani ni mawe matupu kwa asiyejua, lakini wageni huvuka bahari kwenda kuyatazama. Mawe yalivumilia kuachwa. Chuma hakivumilii. Kwa hiyo wahusika wasingoje mwaka mwingine wa fedha upite. Orodha hiyo yaweza kuandikwa kwa muda wa wiki moja, kwa kalamu na karatasi, na tungependa kuona kazi hiyo ikianza sasa.