Garanti ya miezi kumi: mwenye nyumba mdogo si adui yetu



Iwe Goma, Bukavu, Butembo ao Lubumbashi, tunasikia lalamiko moja. Kijana anapata chumba cha dola 50 kwa mwezi. Mbele ya kupewa ufunguo, anaombwa garanti ya miezi sita, fasi zingine miezi kumi. Komisioneri naye anataka mwezi wake mmoja. Piga hesabu: garanti dola 500, komisioneri dola 50, mwezi wa kwanza dola 50. Ni dola 600, na bado hujanunua hata godoro. Ndiyo maana watu wa miaka 28 bado wanalala kwa wazazi, na harusi zinasukumwa mwaka kwa mwaka.

Sheria iko. Sheria n° 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu. Kwa chumba cha dola 50, ni dola 150. Dola 350 zingine zinaombwa nje ya sheria. Tuko na haki ya kukasirika.

Lakini tukiishia kumtukana mwenye nyumba, hatutabadilisha kitu. Wengi tunaogombana nao si matajiri. Ni mama mjane mwenye parseli moja aliyeongeza vyumba viwili nyuma. Ni mwalimu aliyejenga kidogo kidogo kwa miaka kumi. Kama wanaomba garanti ya miezi kumi, ni juu hawana fasi ingine ya kukopa. Garanti yetu njo benki yao.

Nyumba inajengwa na feza ya nani?

Tazama vile mtu mdogo anajenga hapa kwetu. Mwaka mmoja anaweka msingi. Anangoja zamu yake ya likelemba, ananunua matofali. Anakopa kwenye AVEC, manjanja yanapanda. Mlango na simenti ya chini vinabaki. Hapo anamtafuta mpangaji, anachukua garanti, na chumba kinamalizika kwa feza ya mtu atakayekilalia.

AVEC ni kitu kizuri, lakini haikuundwa kwa nyumba. Kwa kawaida unakopa mara tatu ya akiba yako, na unarudisha kwa miezi michache. Nyumba ya vyumba viwili inarudisha feza yake kwa miaka. Ukikopa feza ya miezi mitatu kwa kazi ya miaka mitano, utauza parseli ili ulipe deni.

Na benki? Benki inataka rehani, na rehani inataka sertifika. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya leta. Raia anapewa konsesio, na haki yake inathibitishwa na certificat d'enregistrement peke yake. Karatasi ya shefu wa kartiye ao ile mliyosainiana na muuzaji mbele ya mashahidi haitoshi. Wazazi wetu wengi wako na karatasi za namna hiyo tu. Kwa macho ya jirani wako na nyumba. Kwa macho ya benki hawana kitu. Na tangu vita ilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, benki za kule zilifunga milango, hata mwenye sertifika akabaki kama sisi wote.

Kwa hiyo garanti ya miezi kumi inaanzia mbali: kwenye ofisi ambamo kupata karatasi ya ardhi kunachukua muda mrefu na kugharimu feza nyingi kuliko uwezo wa mwalimu.

Kodi inayomwona mdogo tu

Halafu inakuja kodi ya leta juu ya feza ya nyumba, ile inayoitwa IRL. Msingi wake ni ordonnance-loi ya tarehe 10 Februari 1969, na kiwango tulichozoea ni 22%. Inahesabiwa juu ya feza yote inayoingia. Manjanja uliyobadilisha, choo ulichochimba, riba ya AVEC: hakuna kinachotolewa.

Chukua yule mama wa vyumba viwili. Anapokea dola 100 kwa mwezi, dola 1.200 kwa mwaka. Kodi yake ni dola 264. Kama mvua ilibeba ukuta na akatumia dola 300 kuutengeneza, kodi inabaki dola 264. Akilipa yote, anabaki na dola 636. Tusishangae kwamba wengi wanaficha.

Kujificha nako kuko na bei yake. Anakataa kuandika mkataba ili leta isijue. Siku mpangaji haachilii nyumba na halipi, hana karatasi ya kuonyesha mbele ya hakimu. Siku mpangaji anataka kutoka, naye hana karatasi ya garanti. Wote wawili wanabaki mikononi mwa komisioneri na maneno ya mdomo.

Wakati huo, mpangaji akiwa kampuni ao shirika, sheria inamwomba akate 20% mbele ya kulipa, na mwenye nyumba amalizie 2%. Ni njia rahisi ya kukusanya kodi ya majengo makubwa. Tunauliza tu: mikoa yetu inakusanya ngapi kwa njia hiyo? Majengo mangapi ya ghorofa yanalipa? Hesabu hiyo ingebandikwa ukutani, raia asome.

Tufanye nini?

Mimi niko na lisansi ya uchumi na sina kazi. Najua wengi wenu mnaosoma hii muko vilevile. Lakini kuna kijana mwenye parseli ya urithi, kuna wanne waliojiunga kununua moja. Kwao nasema hivi.

Karatasi mbele ya matofali. Mbele ya kutoa feza, uende kwenye ofisi ya titri za ardhi, uhakikishe jina la mwenye parseli. Sertifika ikishapita miaka miwili bila kushambuliwa, inakuwa ngumu kuangushwa. Pesa uliyoiweka kwenye karatasi ni ukuta wa kwanza wa nyumba.

Garanti ni deni. Ichukue kwa miezi mitatu, iandike kwenye mkataba, na ujue siku moja utairudisha. Kama feza yote imeingia kwenye simenti, mpangaji akitoka utatafuta mpangaji mpya ili umlipe wa zamani. Hapo ndipo ugomvi unazaliwa.

Lipa kodi kwa karatasi, usiweke feza mkononi mwa mtu. Andika kila mwezi unachopokea, na utangaze mbele ya tarehe 1 Februari ya mwaka unaofuata. Asiye na daftari atalipa kile ajenti atakachosema.

Na mpangaji naye: dai mkataba na resi ya garanti. Bila hizo, sheria ya 2015 haitakusaidia.

Tunadai

Katiba, kwenye kifungu cha 204, inaweka kodi ya nyumba za kupangisha mikononi mwa mikoa. Wabunge wetu wa mkoa wasiseme eti mambo yote yako Kinshasa. Tunawaomba:

1. Mwenye chumba kimoja mpaka vitatu awe na kiwango cha chini, na matengenezo yenye resi yatolewe kwenye hesabu.

2. Feza ya majengo makubwa ikusanywe kwanza, na mkoa utangaze kila mwaka ilivyopatikana na ilivyotumika.

3. Bei na muda wa kupata sertifika vibandikwe kwenye mlango wa ofisi, na bei ya parseli ndogo ishushwe.

4. Garanti ya miezi mitatu iheshimiwe na wote, wadogo kwa wakubwa, na komisioneri afanye kazi kwa karatasi.

Mtu atauliza: kwa nini tumtetee mwenye nyumba wakati yeye anatunyonya? Hatumtetei anayevunja sheria. Akichukua miezi kumi, ashitakiwe. Lakini tukimwondolea sababu ya kuchukua, sisi njo tutakaolala kwa bei ya haki. Mpangaji na mwenye vyumba viwili wanapigania sahani moja, na mwenye sufuria amekaa pembeni anaangalia.

Basi, mbele ya kugombana na mama wa nyuma ya parseli, mpe karatasi hii asome. Halafu mwende pamoja kwa mbunge wa mkoa, wewe kama mpangaji, yeye kama mwenye nyumba. Wakija wawili, itakuwa ngumu kuwarudisha mikono mitupu.