Tabibu wa Nafsi Kiwandani

Wako watu siku hizi wafanyao kazi nne kwa pamoja: kuwatibu waliolemewa na huzuni na hofu, kuwanoa mameneja na wakurugenzi, kufundisha vyuoni, na kuchunguza habari za afya ya akili. Wengine huwacheka, wakisema mshika mawili moja humponyoka, sembuse manne. Sisi hatuwacheki. Twauliza jambo moja tu: mtu huyo akiingia kiwandani, ni mtumishi wa nani?

Swali hili si geni. Mwaka 1948 Elliott Jaques, tabibu mzaliwa wa Kanada aliyefuata mafundisho ya Melanie Klein, aliingia pamoja na wenzake wa Taasisi ya Tavistock katika kiwanda cha Glacier Metal, London, kilichotengeneza beringi za mitambo. Mfanyakazi ambaye angedhani kwamba mkubwa amemletea mpelelezi aliyevaa joho la daktari, tusingemlaumu hata kidogo. Lakini Jaques na wenzake waliweka sharti: hawatazungumza habari za kundi lolote pasipo wajumbe wa kundi hilo kuwapo au kukubali. Maana yake, siri ya mfanyakazi isipelekwe kwa meneja kwa mlango wa nyuma.

Katika idara moja ya kiwanda hicho watu walikuwa wakilipwa kwa hesabu ya kazi waliyoimaliza, nalo likaja shauri la kuwalipa kwa saa. Kwa nje lilikuwa jambo la fedha tu. Kumbe chini yake mlikuwa na tuhuma za siku nyingi baina ya wakubwa na wadogo, na mazungumzo yakawa yanakwama pale ambapo hesabu peke yake isingekwamisha. Jaques hakuwapangia ujira. Aliwasaidia kuyasema yale waliyokuwa wakiyafunika, nao wakapatana, tena wakaunda baraza la idara yao.

Hayo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1951. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Brunel, na mwaka 1965 akatoa makala juu ya msukosuko umpatao mtu afikapo nusu ya maisha yake. (Nasi tuliokwisha kuivuka nusu hiyo hatukuweza kuyasoma hayo bila kujitazama katika kioo.)

Si kila neno lake tunalikubali. Katika uzee wake alishikilia kwamba ngazi za vyeo zalingana na uwezo wa akili za watu. Hapo hatumfuati. Wengi walio chini wako chini kwa kuwa shule iliwapita mbali, si kwa ufupi wa akili.

Lakini sharti lake la kwanza twalitaka hapa kwetu. Mwajiri akimleta mshauri wa nafsi, na mshauri huyo huyo akawa ndiye amnoaye mkurugenzi, basi mfanyakazi kabla hajafungua kinywa na aambiwe: nani amlipaye mshauri, maelezo yatawekwa wapi, na nani atayasoma. Majibu yaandikwe katika mkataba wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na nakala ibandikwe ukutani, mlangoni pa chumba cha mshauri.